Mashirika ya Ndege Yakiungana, Rubani Yupi Atatangulia?

Kwa wakaazi wengi wa Malindi na Lamu, habari za mashirika ya ndege kuungana huanzia kwenye nauli na kuishia papo hapo. Si ajabu, maana anayeshuka kwenye uwanja wa ndege wa Manda bado ana boti ya kulipia kabla hajakanyaga Lamu mjini, na mgonjwa anayepelekwa Nairobi kutoka Malindi mara nyingi huwa amechangiwa tiketi na jamaa zake. Hata hivyo, ndege ya Dash 8 yenye viti 78 hairuki bila kepteni na rubani msaidizi, na mmoja wao akikosekana bila wa kumshikia nafasi, abiria wote hubaki chini. Namna marubani wanavyoajiriwa, wanavyopangiwa zamu na wanavyoelewana na mwajiri baada ya muungano ni suala linalotugusa Pwani, hata kama mazungumzo yenyewe hufanyika mbali nasi.

Wanaotetea miungano wana hoja nzito. Shirika lililozama kwenye madeni haliwezi kumhakikishia rubani kazi, na kulizuia lisinunuliwe si sawa na kuliokoa. Nchini Marekani, mahakama ilizuia JetBlue kuinunua Spirit mnamo Januari 2024. Kufikia Novemba mwaka huo huo Spirit ilikuwa imekimbilia ulinzi wa sheria ya ufilisi, na marubani wake kwa mamia walikuwa wamesimamishwa au kupewa notisi. Sisemi kwamba muungano ungewanusuru wote, kwa kuwa shirika hilo lilikuwa na matatizo mengine, yakiwemo ya injini. Aidha, shirika kubwa lenye ndege za aina nyingi humpa rubani kijana nafasi ya kupanda kutoka ndege ndogo hadi kubwa bila kubadilisha mwajiri.

Ugomvi huzuka kwenye orodha ya ukongwe kazini. Katika mashirika mengi makubwa, orodha hiyo ndiyo huamua nani awe kepteni, nani aruke ndege ipi, nani apumzike sikukuu, na nani atangulie kuondoka kazi zikipungua. Mashirika mawili yakiwa moja, orodha mbili nazo hulazimika kuwa moja, na kila nafasi anayopanda mmoja ameshuka mwenzake. Mfano mchungu zaidi ni wa US Airways na America West, zilizoungana mwaka 2005. Marubani wa US Airways walitaka kigezo kiwe tarehe ya kuajiriwa, jambo ambalo lingewapa wao, waliokuwa wakongwe, nafasi za juu. Wale wa America West walijibu kwamba haiwezekani mtu ambaye tayari alikuwa amesimamishwa kwa kukosa kazi aje kumpita mwenzake anayeruka kila siku. Mwaka 2007 msuluhishi aliwaweka waliosimamishwa chini ya waliokuwa kazini, hata kama wa pili waliajiriwa miaka mingi baadaye. Binafsi naona kila upande ulikuwa na haki yake, na hapo ndipo ulipo ugumu.

Waliokasirika, wale wa US Airways, ndio waliokuwa wengi. Mwaka 2008 walikiondoa chama cha zamani cha marubani kwa kura, wakaunda chao, na hadi shirika hilo lilipoungana na American Airlines mnamo Desemba 2013, makundi hayo yalikuwa bado yanaruka kwa orodha mbili chini ya nembo moja, kila kundi likilipwa kwa mkataba wake wa zamani. Delta na Northwest zilipita njia nyingine mwaka 2008: mkataba wa kazi wa marubani uliafikiwa kabla muungano haujakamilika, na orodha ikaamuliwa na wasuluhishi kabla mwaka haujaisha.

Kwetu Kenya sheria ina pengo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi akiarifu chama angalau mwezi mmoja mapema, na amlipe anayeondoka malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Anayebaki, lakini chini ya mwajiri mpya, hana kifungu kinachomlindia ukongwe wake. Pengo hilo huwaachia vyama silaha moja tu, mgomo, na sote tumeyaona matokeo yake. Machi 2019 wafanyakazi walilemaza uwanja wa Jomo Kenyatta wakipinga mpango wa kuikabidhi Kenya Airways usimamizi wa uwanja huo. Novemba 2022 marubani wa shirika hilo waligoma kwa siku kadhaa, mara hiyo kwa ajili ya michango ya akiba ya uzeeni, hadi mahakama ikawarudisha kazini. Chama kinachosimamisha safari za maelfu ya watu ambao hawana neno katika ugomvi huo kinapoteza huruma ya umma haraka, tena huruma ambayo kitaihitaji siku ya muungano.

Kuhusu ajira mpya, wasiwasi wangu uko kwa kampuni ndogo za uwanja wa Wilson, Nairobi, zinazoleta ndege ndogo za Caravan hadi Manda na Kiwayu. Leseni ya rubani wa biashara hupatikana kwa takriban saa 200 za kuruka, ilhali ile ya juu kabisa inadai 1,500, na saa hizo za katikati vijana wengi huzikusanya kwenye ndege kama hizo. Kampuni mbili za aina hiyo zikiungana, safari mbili zilizojaa nusu huwa moja, hesabu za mwenye mali zikanyooka, na anayeachwa ni rubani msaidizi aliyeingia juzi. Waajiri nao wamepungua, kwa hiyo hana pa kubisha hodi tena.

Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ina uwezo wa kuidhinisha muungano kwa masharti, na mara nyingi sharti huwa idadi fulani ya wafanyakazi wasiachishwe kazi kwa muda. Hilo ni jema, ila kepteni aliyeshushwa kuwa rubani msaidizi bado anahesabiwa kuwa kazini. Sharti la kudai orodha moja iliyokubaliwa na vyama vya pande zote mbili kabla ya idhini kutolewa lingechelewesha muungano kwa miezi, na wawekezaji wangelalamika. Mimi ningelidai hata hivyo.