Rimoti Tatu, Mkutano Mmoja

Hivi ni nani aliyeamua kwamba ukumbi mmoja wa mikutano unahitaji rimoti tatu? Ya televisheni, ya kamera, ya spika. Zote nyeusi, zote zina vitufe vya kukodolea macho. Wenzetu wa Faza na Kiunga wanajiunga kwa video ili wasihangaike na boti kuja hapa Amu, yaani Lamu, wakati wa kusi, halafu wanaishia kutazama boriti za dari yetu, maana kamera imeelekea juu na hakuna ajuaye kuishusha.

Sauti ndiyo balaa lenyewe. Maikrofoni ina kitufe chake cha kuzima, programu ina chake, rimoti nayo ina chake. Ukifungua kimoja, kingine kimefungwa. "Mwatusikia?" Kimya. Mara mjanja mmoja anajiunga kwa simu yake akiwa mle mle ukumbini. Maikrofoni yake inanasa sauti ya spika, spika inairudia, na sote tunaziba masikio. Kijana anayevijua vyombo hivi? Ameshavuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara.

Na si kwamba haiwezekani. Waya wa HDMI, ule unaounganisha kompyuta na televisheni, uliotoka 2002, unaweza kupitisha amri ya kuwasha televisheni kompyuta inapoamka, kama vyombo vyenyewe vinaikubali na mtu ameiruhusu kwenye mipangilio. Sasa nani airuhusu?

Mimi nataka vitufe vikubwa mezani: anza, sauti, maliza. Na taa nyekundu moja tu, iwake maikrofoni ikizimwa, popote ilipozimiwa. Rimoti ya kamera akae nayo fundi.