Pikipiki Yangu Si Bodaboda
Jana tulizunguka kwa pikipiki vilima vya Ngong, tukateremka Mai Mahiu hadi Naivasha. Kesho ni Nyandarua. Leo ni siku ya kupumzika, niko zangu nyumbani mtaa wa Umoja, Nairobi. Nilitaka tu kukalia kigoda, nipake cheni oili polepole, chai ikipoa kando.

Wapi! Saa mbili asubuhi jirani keshabisha: "Buda, si hauendi popote? Nifikishe hapo Donholm." Hapo! Na foleni ya barabara ya Outering je? Narudi, mama wa duka ana mtungi wa gesi. Kisha kijana wa ploti, salamu hana, keshakalia kiti cha nyuma, helmeti yangu kichwani, anajitazama kwenye kioo. Mgongo wangu unawaka. Na hakuna aliyeuliza petroli ni ya nani.