Udongo wa Boho na tiba za jadi za Ayalandi

Huko Boho, kaunti ya Fermanagh, Ayalandi ya Kaskazini, amezikwa padri James McGirr, aliyefariki mwaka 1815. Inasimuliwa kwamba aliacha neno: udongo utakaomfunika utaponya yale yote aliyoyaponya akiwa hai. Watu wamekuwa wakichota kidogo, wakiufunga kwenye kitambaa na kuulalia chini ya mto, kisha wanaurudisha kaburini.

Mwaka 2018 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Swansea, walitangaza kwamba udongo huo una bakteria wa jamii ya Streptomyces wanaozuia vijidudu kadhaa vilivyo sugu kwa dawa, ikiwemo MRSA, bakteria wa maambukizi asiyesikia antibiotiki nyingi. Jamii hiyohiyo ndiyo iliyotupatia streptomaisini, dawa ya kifua kikuu. Watetezi wa tiba za jadi wana kila sababu ya kufurahi, na wanaowacheka wazee wa Boho wafikiri upya. Ila kilichopimwa ni bakteria maabarani. Hakuna mgonjwa aliyepimwa baada ya kulalia kitambaa, na kuutaja utafiti huo kama ushahidi kwamba kulalia udongo huo kunaponya ni kuwadanganya wagonjwa.

Tiba nyingine za Ayalandi zina nguvu ya aina yake. Mwenye tiba, yaani mtu anayeaminiwa kuwa na uwezo wa kuponya ugonjwa fulani, mathalani mtoto wa saba wa kiume wa baba ambaye naye ni wa saba, kwa desturi hatozi chochote. Chunjua na mkanda wa jeshi, ambavyo hupelekwa kwake sana, mara nyingi huisha vyenyewe. Mgonjwa akienda huko akasikilizwa bila haraka, kuna ubaya gani? Mimi siuoni.

Kifaduro ni habari nyingine. Ili apone, mtoto alipitishwa chini ya tumbo la punda, na ugonjwa huo huua wachanga. Wazazi wa zamani hawakuwa na chanjo, siwalaumu. Wa leo wanayo.

Kisha kuna Bridget Cleary wa kaunti ya Tipperary, mwaka 1895. Aliugua, daktari akafika, lakini mumewe aliamini kwamba viumbe wa ghaibu wamemwiba mkewe na kumwachia mfano wake. Wakamnywesha kwa nguvu majani yaliyochemshwa na maziwa. Hatimaye mume akamchoma moto. Watetezi husema ule ulikuwa ushirikina, si tiba. Siukubali mpaka huo: majani yale yalitoka kwa mganga aliyeheshimika, na jamaa waliomshika mikono waliamini wanamtibu.