Nagombea Kamati ya Shule, na Sina Saruji ya Kutoa

Mkutano wa wazazi ukiitishwa nitasimama kuomba kura za ujumbe wa kamati, shule ya msingi anayosoma mwanangu hapa Muriet, Arusha. Jirani aliposikia alicheka: "Dada, kule hakuna posho. Unafuata nini?"

Ana haki ya kuuliza. Kwa wengi wetu kamati ni watu wa ujenzi: choo kikijaa au bati likiezuliwa na upepo, ndipo tunawakumbuka. Baba mmoja ninayegombea naye ameshaahidi mifuko ya saruji, na makofi ameyapata kabla ya kura. Simlaumu, maana mji umehamia huku kwetu na madarasa yamefurika. Ila mikutano yote niliyohudhuria, sijasikia mtu akiuliza watoto wenyewe wana hali gani.

Nianze na tumbo. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki kwetu wazazi. Ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, haipiki makande. Kwa hiyo tunachanga mahindi na maharage. Aliyechanga, mtoto wake anakula. Asiyechanga, wa kwake anazurura uwanjani mpaka kengele ilie, halafu mchana anaulizwa hesabu. Mtoto wa darasa la pili amekosa nini hapo? Nataka wote wapange foleni moja, deni libaki kati ya kamati na mzazi. Nitaambiwa wakaidi watajificha humo humo. Watajificha, ndiyo, na kamati iwafuate nyumbani kuwadai. Asiye na uwezo kweli, balozi wake anamjua.

Kuna na matokeo ya ukutani. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Sisi huku tunaendelea kubandika majina kuanzia wa kwanza hadi wa mkia, darasa zima lisome, na wa mkia anaitwa hivyo mpaka mtaani. Mzazi anayetaka kujua nafasi ya mwanawe apewe karatasi yake mkononi. Hilo halihitaji hata senti moja.

Sanduku la maoni lipo, lakini anayelifungua ni mtu yule yule ambaye pengine mtoto anataka kumsema. Lifunguliwe na wawili: mwalimu wa malezi na mjumbe mzazi, ikiwezekana mwanamke. Binti wa darasa la sita mwenye jambo zito hawezi kuliandika kama hajui nani atalisoma.

Sasa viboko, ambavyo najua vitanipunguzia kura. Wazazi wengine ndio wa kwanza kumwambia mwalimu, "Mchape tu, huyo kwangu amenishinda." Mimi natamani viondoke kabisa, lakini hilo liko juu ya kamati. Lililo ndani ya uwezo wetu ni kuuliza kama kanuni iliyopo inafuatwa. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne. Anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa ruhusa hiyo kwa maandishi. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, labda kama shule haina. Na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mtoto anayechapwa getini saa moja asubuhi kwa kuchelewa, na kila mwalimu mwenye fimbo, kitabuni haingii.

Walimu wasinielewe vibaya. Mwalimu mwenye darasa ambalo hata pa kupita katikati ya madawati hapana, naye amechoka, na mchoko huo ndio unaoshika fimbo. Kamati inayomtafutia mwalimu nafuu inamsaidia mtoto pia, kwa hiyo nafasi ya walimu kusema yanayowalemea nitaitaka iwekwe kwenye ajenda za kila kikao.

Nikichaguliwa, kikao cha kwanza nitamwomba mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wetu, alete kitabu cha adhabu mezani tukisome. Kura zisipotosha, nitaomba hivyo hivyo kwenye mkutano wa wazazi, tukifika mengineyo.