Kabla ya Risasi Kulikuwa na Faini

Tarehe 4 Machi 2015, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti mbili kuhusu mji mmoja mdogo, Ferguson, jimboni Missouri. Ya kwanza ilimhusu Michael Brown, kijana mweusi wa miaka 18 aliyepigwa risasi na polisi akafa tarehe 9 Agosti 2014. Ilisema ushahidi hautoshi kumfungulia askari yule mashtaka, na kwamba waliodai kijana alikuwa amenyoosha mikono kujisalimisha hawakuungwa mkono na ushahidi. Ya pili ilichunguza polisi na mahakama ya mji. Weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi, lakini kati ya 2012 na 2014 walikuwa asilimia 85 ya madereva waliosimamishwa barabarani na asilimia 93 ya waliokamatwa.

Kila upande ulichukua ripoti iliyoupendeza na kuiacha nyingine mezani. Waliomtetea askari walisema ukweli umejulikana, basi yaishe. Waliokuwa wakiandamana walisema mji wenyewe umeumbuliwa, habari za ushahidi wa mtaani ni za kando. Mimi nazisoma ripoti hizo kama moja. Mtu anaweza kukubali kwamba kesi ya mauaji isingesimama mahakamani, na papo hapo akakubali kwamba watu wa Ferguson walikuwa na haki ya kutoliamini neno lolote la polisi wao.

Katika ripoti ya pili kuna mwanamke aliyeegesha gari vibaya mara moja tu, mwaka 2007. Faini ilikuwa dola 151 pamoja na ada. Alishindwa kulipa kwa wakati, akakosa kufika mahakamani, adhabu zikarundikana juu ya adhabu. Alikamatwa mara mbili na kulala mahabusu siku sita. Kufikia Desemba 2014 alikuwa amekwisha kulipa dola 550, na bado alidaiwa 541.

Ni nani aliyemfanyia hivyo? Si askari peke yake. Wakuu wa mji walitegemea faini kujaza bajeti na kuwasukuma polisi waandike nyingi zaidi. Nyuma yao walikuwepo wapiga kura walioona mji unaendeshwa bila kuuliza fedha zinatoka wapi. Ndiyo maana nasitasita pale neno "wajibu wa pamoja" linapotajwa baada ya maiti kulala barabarani. Mara nyingi hutumiwa kumgawia mzazi aliyefiwa fungu la lawama: alimleaje mwanawe, mbona mtaa haukuwafichua wahalifu. Wajibu wa pamoja upo, lakini mafungu hayalingani. Aliyepanga bajeti ana fungu kubwa kuliko aliyeshindwa kuilipia.

Polisi nao wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu katika kesi ya Graham dhidi ya Connor mwaka 1989, sheria inataka kitendo cha askari anapotumia nguvu kipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa pale pale, na si kwa utulivu wa mtu anayetazama nyuma. Askari hutumwa kukusanya faini asizozitunga, kisha yeye ndiye anayekutana na hasira ya mtaa. Akiitwa kwenye mazungumzo na wananchi, huhisi ameitwa kizimbani. Familia ya marehemu nayo, ikisikia "mazungumzo", husikia "msidai haki". Hofu zote mbili zina msingi.

Cincinnati, jimboni Ohio, walijaribu njia ngumu zaidi. Aprili 2001 Timothy Thomas, kijana mweusi wa miaka 19, aliuawa kwa risasi akiwakimbia polisi. Alikuwa na hati 14 za kukamatwa, nyingi zikiwa za makosa ya barabarani. Mji uliwaka kwa siku kadhaa, mpaka watu wakakatazwa kutoka usiku. Septemba askari aliyefyatua akaachiwa huru. Wakati huo huo, chini ya usimamizi wa jaji, watu wapatao 3,500 waliulizwa wanataka nini: vijana, viongozi wa dini, wafanyabiashara, hata askari na familia zao. Aprili 2002 makubaliano yakatiwa saini na mji, chama cha askari na wawakilishi wa wananchi, yakawekewa msimamizi wa nje na chombo cha raia cha kuchunguza malalamiko.

Hayakwenda kwa upole. Mwaka 2003 Black United Front, shirika la wanaharakati weusi lililokuwa miongoni mwa watia saini, lilijitoa. Lakini ahadi zilikuwa chini ya mahakama, hivyo kuondoka kwa mmoja hakukuzifuta. Hilo ndilo ninalolithamini kuliko mikutano yote ya kushikana mikono: mazungumzo yaliyoacha nyuma yake kitu cha kudaiwa.

Julai 2015, katika mji huo huo, Samuel DuBose, mwanamume mweusi, alisimamishwa kwa sababu gari lake halikuwa na kibao cha namba mbele. Alipigwa risasi ya kichwa. Safari hii mashtaka na video ya tukio vilitolewa ndani ya siku kumi, na mji haukuwaka, ingawa majopo mawili ya raia walioteuliwa kuamua kesi mahakamani yalishindwa kuafikiana na kesi ikafutwa. Aliyempiga alikuwa askari wa chuo kikuu, na polisi wa chuo hawakuwemo katika makubaliano ya 2002.