Ukimtafuta babu wa babu, anza na kitabu cha ubatizo

Wengi wanaoanza kuitafuta nasaba yao hukimbilia Nyaraka za Taifa, Nairobi au Dar es Salaam. Wengine siku hizi hutuma mate yao kwenye maabara za vinasaba huko ughaibuni. Kwa maoni yangu, kama wazee wenu walikuwa Wakristo, hiyo si hatua ya kwanza. Serikali ya kikoloni ilimwandika mtu kwa jina hasa alipokuwa chifu, alipokuwa karani, au aliposhtakiwa. Mkulima aliyelipa kodi yake ya kibanda na kukaa kimya alikuwa tarakimu tu kwenye ripoti ya wilaya. Cheti cha kuzaliwa nacho usikitafute: nchini Kenya usajili wa vizazi kwa Waafrika ulianza kuwa wa lazima mwaka 1963 jijini Nairobi, ukafika nchi nzima mwaka 1971. Aliyezaliwa 1892 aliandikwa kwa mara ya kwanza na padri au mchungaji, na mara nyingi kitabu hicho bado kipo, kabatini, nyuma ya ofisi ya parokia.

Kabla ya kufunga safari, kusanya mambo manne kutoka kwa wazee: jina la ubatizo, jina la nyumbani, kijiji alichoishi alipokuwa kijana, na rika lake au tukio lililo karibu na kuzaliwa kwake. Maji Maji ni 1905 hadi 1907, homa kuu ya mafua ni 1918 na 1919. Jina la ukoo lisikusumbue, kwa sababu watu wengi wa kizazi hicho hawakuwa nalo. Mtoto aliandikwa kwa jina lake na la baba yake, na jina mnalotumia leo huenda ni la mtu mmoja wa miaka ya 1940 lililogandia wajukuu.

Halafu ulizia misheni mama. Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Kanisa lililo jirani na shamba la babu pengine lilipata hadhi ya parokia mwaka 1965, na vitabu vyake vinaanzia hapo. Ubatizo wa 1912 uko kwenye parokia iliyolizaa kanisa hilo. Upande wa Kilimanjaro inaweza kuwa Kilema, iliyoanza miaka ya 1890. Kwa waliokuwa pembezoni mwa Nairobi inaweza kuwa St. Austin's, ya mwaka 1899. Kwa watu wa pwani ya Tanzania Bara, Bagamoyo, ya 1868. Kama nyumbani kuna cheti cha zamani cha ubatizo, tafuta herufi LB na namba iliyoandikwa mbele yake. Hiyo ni namba ya mstari katika Liber Baptizatorum, kitabu cha waliobatizwa, na ukiwa nayo karani wa parokia atakufungulia ukurasa kwa dakika chache. Bila namba, mtajie angalau kipindi cha miaka mitano cha kupekua kitabuni, kisha omba uketi naye.

Ukifunguliwa kitabu, utakutana na Kilatini. Mstari wa kawaida husema hivi: die 7 Xbris 1912, Petrum, adultum, circa 20 annorum, filium Kamau et Wanjiru, patrinus Josephus. Usome polepole. Xbris ni Desemba, maana X ni kumi, na jina Desemba limetokana na decem, yaani kumi kwa Kilatini. Vivyo hivyo 7bris ni Septemba, wala si Julai. Miti mingi ya ukoo ina tarehe zilizokosewa kwa sababu hiyo tu. Petrum ni Petro huyo huyo, jina limebadilika mwisho kufuata sarufi. Yohana yuko chini ya Joannes, na Yakobo ni Jacobus. Adultum inakwambia alibatizwa mkubwa, na circa 20 ni makadirio ya padri aliyemtazama usoni, kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa uandike "karibu 1892" na uishie hapo. Kama misheni ilikuwa ya Mapadri Weupe (Wamisionari wa Afrika), ukatekumeni, yaani mafunzo ya kabla ya ubatizo, ulichukua miaka minne, basi huyu kijana aliingia darasani karibu 1908. Filium ni mwana wa, na patrinus ni msimamizi wake wa ubatizo. Usikimbilie kumfanya mjomba: katekista mmoja aliweza kuwasimamia watu kumi mkesha wa Pasaka. Naye aliyeandikwa baba pengine ni baba mdogo aliyemlea.

Sasa tazama pembeni mwa ukurasa. Tangu 1908 Kanisa Katoliki liliagiza kila ndoa irudishwe na kuandikwa kando ya jina la mhusika katika kitabu cha ubatizo wake, hata kama alifungia ndoa mbali. Kwa hiyo pambizoni unaweza kukuta jina la mke, tarehe, na parokia ya mji ambao ukoo mzima haukujua kwamba babu aliwahi kuishi. Ndiyo maana nasisitiza usiridhike na cheti kipya kilichoandikwa ofisini. Omba kuona kitabu chenyewe, na unakili mstari mzima, mistari mitatu ya juu na mitatu ya chini, namba ya kitabu na ya ukurasa. Ndugu walibatizwa pamoja mara nyingi.

Kitabu kikiwa kimeliwa na mchwa, nenda jimboni. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilidai parokia ipeleke nakala ya vitabu vyake kwa askofu kila mwaka. Walutheri wa misheni ya Leipzig waliandika Kijerumani, na ugumu wao uko kwenye tahajia: j yetu ni dsch, ch ni tsch, sh ni sch. Miji nayo ilikuwa na majina mengine. Wilhelmstal ni Lushoto. Kwa upande wa Waingereza, Fort Hall ni Murang'a.

Ukishapata jina lilivyoandikwa wakati ule, mwaka na mahali, hapo nyaraka za serikali zinaanza kufaa. Kwa mwanamume wa Kenya, tafuta kipande, kitambulisho cha kazi cha enzi ya ukoloni. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kutekelezwa 1919 na 1920, kwa wanaume Waafrika waliozidi miaka 16. Karatasi ile ina alama za vidole, wilaya, jina la kila mwajiri, mshahara, na tarehe ya kuanza na kuachishwa kazi. Ni wasifu kamili wa kazi ya mtu, na mara nyingi umelala kwenye sanduku la bibi, si Nairobi.

Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale wa Carrier Corps walioacha jina la Kariakoo mijini, ni habari ya kuhuzunisha. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Usipomwona babu kwenye orodha zao, usihitimishe kwamba alirudi salama.

Wanawake hawakubeba kipande. Nje ya kanisa, mahali pa kuwatafuta ni kesi za mahari na urithi katika mahakama za wenyeji. Kwa familia za Kiislamu za pwani, njia ni ya kadhi: hati za ndoa, talaka na mirathi. Waliotoka utumwani Unguja baada ya amri ya 1897 watafutwe katika daftari za walioachwa huru, Nyaraka za Zanzibar, Kilimani.

Parokia zenye vitabu vya kabla ya 1930 zivipige picha mwaka huu. Simu nzuri inatosha, kwenye mwanga wa dirisha, bila flashi, ukurasa kwa ukurasa kuanzia jalada, namba ya ukurasa ionekane, na nakala moja ikae jimboni. Kurasa za watu walio hai zibaki zimefungwa, kwa sababu vitabu hivi huandika pia nani alizaliwa nje ya ndoa, na hilo ni lao kulisema au kulinyamazia.