Usihamie mtaa, hamia paa: televisheni ya bure na nyumba za kupanga Mombasa

Marekani kuna watu ambao kabla ya kupanga nyumba hufungua ramani ya mtandaoni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, wakaandika anwani na kuonyeshwa ni stesheni zipi za televisheni za bure zinafika pale na kwa nguvu gani. Mombasa ramani yetu ni mapaa ya majirani. Ukikuta antena zote zimeelekea upande mmoja, zimetulia kwenye vibomba vifupi, hapo panashika. Ukiona bomba refu limekazwa kwa waya pande tatu, ujue mwenyewe amehangaika. Wapo wanaochagua mtaa hivyo kweli, na wapo wanaowaona wajinga.

Wanaochagua hivyo wana hesabu yao, na si ya kuchekwa. King'amuzi cha stesheni za bure hununuliwa mara moja. Televisheni nyingi za siku hizi zina kipokezi cha DVB-T2, mfumo wa dijitali unaotumika Kenya, ndani kwa ndani, hata king'amuzi chenyewe hukihitaji. Baada ya hapo hakuna bili. Nyumba yenye watoto na bibi asiyekosa taarifa ya saa moja, kifurushi cha kila mwezi kinaumiza kuliko kinavyoonekana, kwa sababu hulipwa hata mwezi ambao karo imekuja. Utaambiwa mambo yote sasa yako YouTube. Sawa, lakini anayenunua bando la siku kwa siku hawezi kuacha televisheni ikinguruma tangu asubuhi mpaka watu walale, na hivyo ndivyo televisheni inavyotazamwa majumbani mwetu.

Tena hoja yao ina nguvu zaidi leo kuliko zamani. Enzi za analojia mawimbi yakiwa dhaifu ulipata chenga. Mchezaji unamuona kama kivuli, lakini bao likiingia unajua. Kenya ilizima analojia mwaka 2015, kabla ya tarehe ya mwisho ya 17 Juni iliyokuwa imewekwa na makubaliano ya kimataifa ya masafa ya Geneva ya 2006. Dijitali haina chenga. Mawimbi yakishuka chini ya kiwango fulani picha inaganda, inakatika vipande vipande, kisha kioo kinakuandikia hakuna mawimbi. Nyumba mbili zilizopakana, zilizokuwa zikitofautiana kwa ubora wa picha, sasa moja inaona na nyingine haioni kitu.

Na mji wetu una tofauti hizo kwelikweli. Masafa ya UHF, yanayobeba televisheni hii, hupenda kuuona mlingoti wa kurushia matangazo uso kwa uso. Hayazunguki jengo kirahisi. Anayekaa Mikindani au pande za Nguu Tatu, penye mwinuko, hayuko sawa na aliye chumba cha chini kwenye kichochoro cha Kibokoni, kuta nene za mawe huku na huku. Huyo wa Kibokoni ana shida ya pili: Mji wa Kale ni eneo la hifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa, si mahali pa kupigilia mabomba ukutani upendavyo. Bamburi ni minazi. Masika makuti yakilowa hunywa mawimbi, na picha iliyokuwa safi Januari inaanza kuganda Mei.

Hapa ndipo wapinzani wanapoingia, na hoja yao ya kwanza naiona nzito. Mengi tunayoyaita "mtaa huu haushiki" si mtaa, ni waya. Fungua kichwa cha waya wa antena kilichokaa nje Nyali au Likoni bila kuzibwa: shaba imegeuka kijani, na zile nyuzi nyembamba za nje zinamomonyoka ukizigusa kwa ukucha. Chumvi ya bahari haina huruma. Mtu anahama Likoni kwa hasira, kumbe tatizo lingeisha kwa kichwa kipya, mpira wa kuzibia na fundi wa nusu saa. Mawimbi hafifu yanaweza kutafutiwa bomba refu zaidi au antena bora. Lakini mtaa ambao maji hayafiki mferejini hauna antena ya kuutibu. Anayefanya kazi bandarini akahamia Mtwapa kufuata picha safi atailipa kwa nauli na foleni kila siku, na jioni atafika taarifa imekwisha. Sioni mtu wa Mombasa mwenye akili zake akiweka televisheni mbele ya maji, na kama wapo, sidhani ni wengi. Kwa kawaida ni jambo la kuamulia kati ya nyumba mbili zilizolingana.

Hoja ya pili ni kwamba mawimbi mazuri hayakodishwi pamoja na chumba. Tudor, Kizingo na Nyali maghorofa yanapanda kila uchao. Umelipa dipoziti kwa sababu dirisha linaangalia mlingoti. Baada ya miaka miwili jirani amenyanyua ghorofa kumi mbele yako, na huna pa kushtaki. Hata pasipojengwa kitu, mlingoti wenyewe unaweza kunyamazishwa. Februari 2015 mvutano wa kuhamia dijitali uliziondoa Citizen, NTV na KTN hewani kwa karibu wiki tatu. 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha, serikali ilizizima tena. 25 Juni 2025, maandamano yakiendelea, NTV na KTN zilikatwa hewani mpaka mahakama ilipoingilia kati, na waliokuwa na bando wakaendelea kuona mtandaoni. Siku ambayo taarifa inahitajika kuliko zote, aliye kilimani na aliye bondeni walikuwa sawa.

Nikizipima pande hizi mbili, naona zote zinabishania mtaa wakati kikwazo kiko juu ya vichwa vyao. Mpangaji wa Mombasa hashindwi na umbali wa mlingoti. Anashindwa na mlango wa paa. Fleti nyingi mlango huo una kufuli, ufunguo anao keateka, mtunza jengo, na keateka ameambiwa asimpandishe mtu: wapangaji wakipanda wanaanika nguo, wanavunja mabomba ya tangi, paa linavuja. Mwenye nyumba si mkorofi bure. Lakini matokeo yake ni kwamba fleti mpya ya Nyali, yenye kodi ya kutisha, inaweza kukufungia stesheni ambazo chumba cha nyumba ya Kiswahili kule Majengo kinazipata zote, kwa kuwa pale mwenye nyumba anakaa barazani, unamwomba, anakuonyesha bati lipi ni imara, na kijana anapanda.

Marekani jambo hili lina kanuni tangu 1996, ikapanuliwa baadaye kuwafikia wapangaji: mwenye nyumba hawezi kukukataza kuweka antena kwenye roshani au sehemu unayoitumia peke yako. Paa la wote halimo, kwa hiyo hata huko aliyepewa roshani inayoangalia upande usiofaa ameula wa chuya. Kwetu hupatanwa kwa mdomo, na maneno ya mdomo huondoka na keateka akibadilishwa.

Kwa hiyo anayetaka kuhama kwa ajili ya televisheni ya bure, aiulizie nyumba maswali ya paa kabla ya dipoziti. Aende jioni, aombe mpangaji wa chini awashe televisheni yake, si wa juu: penye antena moja ya pamoja, waya hugawanywa chumba kwa chumba, na wa mwisho hupata makombo. Aulize ufunguo unakaa na nani. Aulize pia busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi, ikiungua nani anainunua, na jibu liandikwe kwenye karatasi ile ile ya kodi.